Mjadala: Je, ilikuwa sahihi kufunga shule muda mrefu namna ile wakati wa UVIKO-19?

Mleta mada, Morogoro

Wadau, naomba tujadili kwa utulivu uamuzi ambao watoto wetu bado wanaubeba. Machi 2020, katika muda usiozidi wiki moja, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda zilifunga shule zote, huku Burundi ikiamua kuziacha wazi. Hapo siwalaumu viongozi waliofunga. Ugonjwa ulikuwa mgeni, hospitali hazikuwa tayari, na mipango ya dharura iliyokuwepo duniani ilikuwa imeandikwa kwa kuzingatia mafua makali, ambayo kwa kawaida watoto ndio huyasambaza kwa wingi.

Ninachohoji ni kilichofuata. Tanzania iliwarudisha wanavyuo na Kidato cha Sita tarehe 1 Juni 2020, kisha shule zote tarehe 29 Juni. Kenya ilitangaza tarehe 7 Julai, kupitia Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, kwamba mwaka mzima wa masomo umepotea na mitihani ya kitaifa haitafanyika. Baadaye ikageuza uamuzi na kuwarudisha Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne tarehe 12 Oktoba, na wengine wote wakasubiri hadi tarehe 4 Januari 2021. Uganda ilifungua kwa awamu, ikafunga tena Juni 2021, na haikuwarudisha watoto wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili! Hakuna nchi nyingine duniani iliyovurugiwa masomo kwa muda mrefu kiasi hicho.

Msimamo wangu ni kwamba shule zingepaswa kuwa za mwisho kufungwa na za kwanza kufunguliwa, na kwamba kosa kubwa halikuwa kufunga, bali kuendelea kufunga bila kueleza ni hali gani ikifikiwa milango itafunguliwa. Kufikia katikati ya 2020 ilikwisha kufahamika kwamba watoto ni nadra kuugua sana kwa virusi hivi, tofauti kabisa na wazee. Tazameni basi mpangilio wa kulegeza masharti nchini Kenya: ndege za ndani ziliruhusiwa kuruka tena tarehe 15 Julai 2020, za kimataifa tarehe 1 Agosti, baa zikaruhusiwa kufunguliwa mwishoni mwa Septemba, na mtoto wa Darasa la Tano akabaki nyumbani hadi mwaka mpya. Mpangilio huo ulionyesha nani ana mtetezi na nani hana, kwa sababu wenye mashirika ya ndege na wenye baa wana pa kupeleka malalamiko yao, ilhali mtoto wa miaka kumi na mmoja hana.

Na gharama yake tumeiona. Utafiti uliofanyika katika kaunti ya Siaya ulilinganisha wasichana waliomaliza sekondari kabla ya janga na wale waliokumbwa na ufungaji, ukakuta kwamba waliokumbwa na ufungaji walikuwa katika hatari mara mbili zaidi ya kupata ujauzito kabla ya kumaliza shule, na mara tatu zaidi ya kuacha masomo. Jambo hili halikupaswa kumshangaza yeyote, maana Sierra Leone ilikwisha kulipitia wakati wa Ebola: shule zilifungwa 2014, zikafunguliwa Aprili 2015, na wasichana waliokuwa wameshika mimba wakazuiwa kurudi darasani, katazo ambalo liliondolewa Machi 2020, mwezi uleule ambao sisi tulikuwa tunafunga shule zetu.

Naomba kuwasilisha. Anayeona vinginevyo anieleze.

Mwalimu wa sekondari, Likoni

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na ninaheshimu hoja zako, lakini umeandika kana kwamba shuleni kuna watoto peke yao. Kuna walimu, wapishi, walinzi na matroni, wengi wao wakiwa na umri na maradhi ambayo virusi vile viliyatafuta. Hapa Mombasa, wiki chache tu baada ya Oktoba 2020, kuna shule za sekondari zilizofungwa upya kwa sababu walimu walipatikana na virusi, na tulizika wenzetu. Mtu asiniambie kwamba hofu yetu ilikuwa ya kubuni.

Halafu tuzungumze kuhusu darasa lenyewe. Agizo lilisema wanafunzi wakae umbali wa mita moja. Dawati la mbao lililotengenezwa kwa ajili ya wawili, kwetu hukaliwa na watatu, na mwanafunzi wa pembeni huandika akiwa ameelekeza mguu mmoja kwenye njia kwa kuwa hana pa kuuweka. Ukitaka mita moja katika chumba hicho, sharti uwatoe nje zaidi ya nusu ya wanafunzi. Bwenini ni vigumu zaidi, kwani vitanda vya ghorofa vimesogezwa hadi mtu anapita kwa ubavu. Langoni tuliweka tangi la maji lenye koki moja. Foleni ya asubuhi ilifika barabarani, na wanafunzi waliosimama katika foleni hiyo walikuwa wamebanana kuliko walivyobanana darasani.

Chanjo za kwanza zilifika Kenya Machi 2021. Kabla ya hapo mwalimu mwenye kisukari hakuwa na kinga yoyote isipokuwa barakoa ya kitambaa na dua ya mkewe. Watoto wengi wa mtaa huu wanalelewa na nyanya zao. Anachokibeba mtoto kutoka darasani kinalala chumba kimoja na nyanya. Hayo nayo yaingie kwenye hesabu yako.

Naongeza jambo moja dhidi ya upande wangu mwenyewe, kwa sababu haki inadai hivyo. Sisi tulioajiriwa na TSC, tume inayoajiri walimu wa shule za serikali Kenya, tuliendelea kupokea mishahara tukiwa nyumbani. Wenzetu wengi wa shule za binafsi hawakupata hata senti, na baadhi yao hawajarudi kwenye ualimu hadi leo. Kwa hiyo ninapotetea ufungaji, najua nautetea nikiwa mahali penye nafuu.

Mzazi, Mbale

Mwalimu wa Likoni, shikamoo. Maneno yako kuhusu nyanya yamenigusa, kwa kuwa nami nilimwuguza mama yangu mwaka ule. Hata hivyo, naomba uisikie hali ya upande wetu, kwa kuwa miezi tisa ya Kenya na karibu miaka miwili ya Uganda si mambo yanayolingana.

Masomo yalichapwa magazetini na mengine yakasomwa redioni. Kijijini kwetu nakala moja ya gazeti ilizunguka nyumba hadi nyumba. Watoto wakubwa walinakili maswali kwa mkono kwenye daftari, wakampa jirani, na kufikia nyumba ya mwisho karatasi ilikuwa imechanika kwenye mikunjo na maswali mengine hayasomeki. Wale wa darasa la kwanza na la pili, ambao hata kusoma hawajajua, gazeti lingewasaidia nini? Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Februari 2020 alifundishwa wiki chache tu, na Januari 2022 watoto walipandishwa madarasa bila kuzingatia walichojifunza. Walimu walipokea madarasa ambamo mmoja anasoma hadithi na mwenzake hajui kushika kalamu.

Agosti 2021 Mamlaka ya Taifa ya Mipango ya Uganda ilikadiria kwamba karibu asilimia 30 ya wanafunzi wangeweza kutorudi kabisa, kwa sababu ya mimba, ndoa za mapema na kazi za watoto, na kwamba maelfu ya shule yalikuwa katika hatari ya kufungwa moja kwa moja. Hiyo ilitolewa na chombo cha serikali yenyewe, miezi mitano kabla ya milango kufunguliwa. Waliokuwa na fedha waliajiri mwalimu wa nyumbani au wakasomesha watoto kwa intaneti. Wavulana wa jirani zangu walikwenda kuvunja mawe na kuchoma matofali, na mtoto aliyezoea kushika fedha yake mwenyewe ni kazi kumrudisha kwenye dawati akae na wadogo zake.

Siyasemi haya kwa kupinga kila ufungaji. Novemba 2022, wakati wa Ebola, baada ya vifo vya watoto wanane, Wizara ya Elimu iliamuru muhula umalizike tarehe 25 Novemba, wiki mbili kabla ya wakati wake. Niliuunga mkono uamuzi huo bila kusita, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa unaua watoto wenyewe, sababu ilielezwa, na tulijua ni wiki mbili.

Mchangiaji, Dodoma

Mleta mada, nakubaliana nawe kwa mengi, ila nina shaka na namna ulivyoutumia mfano wa nchi yetu. Takwimu za UVIKO-19 za Tanzania Bara zilikoma kutolewa mwishoni mwa Aprili 2020. Tukisema kwamba tulifungua mapema na hakuna kilichoharibika, tutakuwa tunatoa hukumu bila ushahidi, kwa sababu hatuwezi kujua ni walimu wangapi au wazazi wangapi waliambukizwa kupitia shule. Kamati ya wataalamu iliundwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2021, na uchanjaji ukazinduliwa Julai mwaka huo. Katika kipindi chote cha kabla ya hapo shule ziliendeshwa, na mimi nashukuru watoto walisoma, lakini kufungua shule ni jambo moja na kuwaficha wazazi hali halisi ni jambo jingine. Tusichukue la kwanza tukalipaka rangi la pili.

Vilevile, umetaja wasichana wa Sierra Leone ukawasahau wa hapa. Hadi tarehe 24 Novemba 2021, msichana wa Tanzania aliyepata ujauzito hakuruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida ya serikali. Maana yake ni kwamba kila mwezi wa kufunga shule ulikuwa na gharama kubwa zaidi kwetu: kwingine msichana aliyepata mimba wakati wa karantini angeweza kujaribu kurudi, hapa alikuwa amefika mwisho. Ukitaka hoja ya kufungua mapema, hiyo ndiyo nzito kuliko zote, na haihitaji takwimu za maambukizi.

Mleta mada, Morogoro

Nawashukuru wote. Ndugu wa Dodoma, napokea hoja yako kuhusu takwimu. Ufunguzi wa Juni 2020 haufai kutumiwa kama ushahidi kwamba hapakuwa na madhara, nami siutumii hivyo. Hoja yangu inasimama juu ya gharama ya kufunga, na uliyoyasema kuhusu wasichana wetu yanaongeza uzito wake.

Mwalimu wa Likoni, mfano wako wa Mombasa mimi nausoma tofauti na unavyousoma. Walimu walipopatikana na virusi, zilifungwa shule zilizohusika. Mtoto wa Turkana hakurudishwa nyumbani kwa sababu ya maambukizi ya Mombasa. Rwanda ilifanya hivyo pia Januari 2021, iliposimamisha masomo katika Jiji la Kigali huku mikoa mingine ikiendelea. Huo ndio ufungaji ninaoukubali: wa eneo lenye tatizo na kwa muda unaojulikana. Mwalimu mwenye kisukari angeweza kupewa ruhusa ya kukaa nyumbani kwa mshahara wake, na madarasa yakagawanywa kwa zamu. Ni gharama, ndiyo, lakini ni ndogo kuliko kuwaweka nje wanafunzi wa nchi nzima.

Kuhusu msongamano, swali ninalowauliza wizara zetu ni hili: miezi yote hiyo milango ilipokuwa imefungwa, nini kilijengwa? Rwanda ilitumia mwaka 2020 kujenga vyumba vya madarasa zaidi ya 22,000 ili kupunguza msongamano kabla ya watoto wote kurudi. Kwingine wanafunzi walirudi kwenye madawati yaleyale, wakakaa watatu watatu kama ulivyoeleza, na nchini Kenya mihula ikafupishwa hadi kalenda ilipokaa sawa Januari 2023.

Kwa hiyo napendekeza sharti la kisheria, tulijadili kabla dharura nyingine haijatufikia. Amri yoyote ya kufunga shule iwe na tarehe ya mwisho isiyozidi siku 30; ikihitajika kuongezwa, waziri apeleke bungeni sababu zake kwa maandishi, pamoja na taarifa ya kazi iliyofanyika shuleni katika siku hizo, yaani maji, madarasa na walimu wa zamu. Na pasiwe na baa au ukumbi wa starehe unaofunguliwa katika wilaya ambayo shule zake zimefungwa.

Mwalimu wa sekondari, Likoni

Tarehe ya mwisho nakubali, na taarifa bungeni nakubali. Kwenye siku 30 ndipo ninapotofautiana nawe, kwa sababu tangi jipya lenye koki kumi halijengwi kwa mwezi mmoja katika shule ambayo bomba lenyewe halijafika. Wekeni siku 60 kwa mara ya kwanza, na muandike ndani ya sheria hiyohiyo kwamba fedha za maji zitoke siku ile amri inapotolewa, ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Bila kifungu hicho, waziri atapeleka taarifa nzuri bungeni na mimi nitarudi kwenye koki moja.

Mzazi, Mbale

Siku 60 ni nyingi mno kwa mtoto wa darasa la kwanza. Nakubali 60 kwa sekondari za bweni, kwa sababu ya vitanda alivyovieleza mwalimu, lakini shule za msingi za kutwa zibaki kwenye 30, na darasa la kwanza hadi la tatu wawe wa kwanza kurudi, hata kama watafundishiwa chini ya miembe.