Tupeane uzoefu: Injini au giaboksi ilisumbua, ukaambiwa ni hiki, kumbe ni kile

MDAU WA IGOMA (mwanzisha uzi)

Mwadila wadau wa Kanda ya Ziwa. Nimefungua uzi huu kwa sababu nimetupa pesa ambayo inaniuma mpaka leo. Naomba kila aliyewahi kubadilishiwa kifaa kizima huku kibovu kikiachwa aje aeleze gari ilifanya nini, aliambiwa nini na mwisho kikakutwa nini. Dalili ziandikeni kwa kirefu, maana mwenzako atakayekwama usiku barabarani atatafuta dalili yake humu.

Gari yangu ni Spacio. Ilianza kuchemsha. Asubuhi nilitoka Igoma hadi mjini Mwanza bila shida yoyote, lakini jioni nikikamatwa na foleni ya Mabatini mshale ulipanda. Barabara ikifunguka, mshale ukashuka wenyewe. Nikapeleka gereji. Fundi alifungua mfuniko wa rejeta, akachungulia, akasema gasketi ya silinda hedi, ile inayobana kati ya kichwa cha injini na bloku, imekufa. Hedi ikashushwa, ikapelekwa kuchongwa, gasketi mpya ikafungwa. Wiki ya pili, pale pale Mabatini, mshale ukapanda tena.

Aliyenitoa ni dereva wa teksi aliyenikuta nimefungua boneti pembeni ya barabara. Aliniambia niwashe gari na kiyoyozi. Kwa gari kama hii, ukiwasha kiyoyozi feni ya mbele lazima izunguke. Haikuzunguka. Akachomoa relei ya feni, ile swichi ndogo ya umeme inayoiwasha, akaitikisa karibu na sikio langu, nikasikia kitu kinacheza ndani kama punje ya mahindi kavu. Akachomeka ya gari yake, ya aina ile ile, feni ikaruka hapo hapo. Hedi yangu ilikuwa imeshushwa kwa ajili ya relei inayoingia kwenye kiganja!

Ndugu zangu, gari ikichemsha ukiwa umesimama na kupoa ukikimbia, anza na feni. Ukikimbia, upepo unafanya kazi ya feni. Ikichemsha kwenye kasi au mlimani huku kwenye foleni haina shida, fikiria rejeta iliyoziba, themostati (kilango kinachoruhusu maji kupita injini ikipata moto) au pampu ya maji. Gasketi ya hedi ina dalili zake: washa injini ikiwa ya baridi kabisa na mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, utaona mapovu yasiyokwisha, au oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, au maji yanapungua na hakuna yanapovuja.

Na sisi wa huku tusisahau kwamba tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji matupu kwetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mfuniko wa rejeta, ambao ukiwa mzima unabana presha mpaka yanavuka nyuzi 115. Raba ya mfuniko ikishakauka, gari inatema maji na utadhani injini imeharibika. Ukague kwanza, gari ikiwa imepoa.

DEREVA WA NYEGEZI

Pole sana mkuu. Niongeze kwenye hilo la kuchemsha: wanaoendesha usiku kando ya ziwa mnawajua wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya maji kama moshi. Wakijaa kwenye mapezi ya rejeta wanakauka na kuwa kama udongo. Mimi nilibadilisha themostati kwanza, kumbe hewa ilikuwa haipiti mbele. Tulipuliza maji taratibu kutokea upande wa injini kuja mbele, yakatoka meusi. Msipige maji ya presha kali, mapezi yanalala na mnakuwa mmeziba wenyewe.

Sasa yangu hasa ni klachi. Naendesha Hiace ya dizeli, gia za mkono. Kupanda kuelekea Bugando na abiria, injini inalia juu lakini gari haisogei inavyotakiwa, na harufu ya kuungua inaingia mpaka kwa abiria. Sahani ya klachi ikabadilishwa. Baada ya miezi miwili hali ikarudi. Ikabadilishwa tena pamoja na presha pleti. Ikarudi tena, na tajiri akaanza kuniambia nakalia klachi. Nimeendesha miaka mingi, lile neno liliniumiza.

Mara ya tatu nilikataa kuondoka gereji. Giaboksi iliposhushwa nilishika sahani mwenyewe, ilikuwa imelowa. Fundi mzee aliyekuwepo akachovya kidole, akasugua na kidole gumba, akanusa, kisha akanipa na mimi ninuse. Akasema: oili ya gia ni nzito na inanuka kama kiberiti, hii ni nyeusi, nyepesi, inanuka moshi, hii ni ya injini. Maana yake sili (raba ya kuzuia oili) ya nyuma ya kranki, shafti kuu ya injini, ilikuwa inavuja, inamwagia sahani kila siku. Ingekuwa ya gia, ingekuwa sili ya mbele ya giaboksi. Sili ikabadilishwa, sahani ikabadilishwa, mpaka leo napanda Bugando nimejaza na sina neno.

Njia ya kupima kama klachi inateleza: sehemu tambarare, vuta breki ya mkono kwa nguvu, weka gia ya tatu au ya nne, ongeza mafuta kidogo na uachie klachi. Injini ikizima, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma na gari imesimama, inateleza. Fanya mara moja tu, ukirudiarudia unaiunguza.

FUNDI WA NYAKATO

Kaka wa Hiace, huyo mzee alikupa elimu. Nikazie kidogo: kabla ya kufunga sili mpya ya kranki, kagua bomba la kupumulia la injini. Likiziba, presha ya ndani haina pa kutokea, inasukuma sili yoyote utakayofunga.

Mimi ni fundi, na nakiri wengi wetu tunabadilisha kwa kubahatisha kwa sababu mteja ana haraka. Lakini mteja naye ajue kitu kuhusu mashine ya kupimia. Mashine inatoa namba ya kosa, haitoi jina la spea ya kununua. P0171 maana yake injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Watu wanakimbilia sensa ya oksijeni, wakati mara nyingi ni bomba la hewa lililopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka au pampu ya mafuta iliyochoka. Sensa imeleta taarifa, ninyi mnamuua mleta taarifa.

Injini ikimisi, yaani silinda ikikosa kuwaka, namba ni P0301, P0302 na kuendelea, tarakimu ya mwisho ni silinda. Tuseme imekuja P0301. Kwa gari yenye koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) moja kwa kila plagi, hamisha koili ya silinda ya kwanza uiweke ya tatu, ya tatu uilete ya kwanza, futa kosa, endesha kidogo, pima tena. Kosa likihamia P0303, koili ndiyo mbovu na hujanunua kitu. Likibaki P0301, hamisha plagi vivyo hivyo. Likibaki bado, njoo kwenye noseli inayopuliza mafuta na kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda.

Kwenye Toyota nyingi, hata bila mashine, ukiunganisha kwa waya tundu namba 4 na 13 za soketi iliyo chini ya usukani kisha ukafungua swichi bila kuwasha, taa ya injini inakonyeza namba za makosa. Hesabu vizuri matundu, maana namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja.

Taa ya injini ikiwaka na kutulia, una muda wa kupanga. Ikiwa inakonyeza ukiwa barabarani, injini inamisi vibaya na petroli isiyoungua inaenda kuunguza katalisti (kisafishio cha moshi) kwenye ekzosi. Toa mguu, pumzisha gari.

DADA WA PASIANSI

Mimi nina IST mpya, ile ya toleo la pili. Baada ya sevisi ya giaboksi, gari ilianza kutetemeka nikiwa mwendo wa 20 mpaka 40, kama napita kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi, na niko kwenye lami ya kwenda Airport. Nikarudi pale pale, wakaniambia giaboksi imechoka, nitafute ya mtumba. Nililia, sifichi, kwa sababu gari ile nimeinunua kwa miaka minne ya kuweka akiba.

Usiku nikatoa kile kitabu cha Kijapani kwenye droo ya mbele. Sisomi Kijapani, lakini kwenye ukurasa wa oili, katikati ya maandishi yao, nikaona herufi tatu ninazozijua: CVT. Kesho yake nikamuuliza kijana wa gereji alinimwagia nini. Akaniletea galoni, oili nyekundu ya otomatiki ya kawaida. Kwao haidroliki (oili ya giaboksi ya otomatiki) ni haidroliki.

Fundi mwingine alinieleza kwamba giaboksi hii haina gia zinazopandiana. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda ushike usiteleze. Tulimwaga, tukajaza ya CVT iliyoandikwa kwenye kitabu, nikaendesha siku mbili, tukamwaga tena, mara tatu, kwa sababu ukimwaga mara moja nyingine inabaki ndani. Mtetemo ulipungua, kisha ukaisha. Niliwahi. Wanawake wenzangu, someni kitabu cha gari hata kama hamkielewi, na simameni pale galoni linapofunguliwa.

MDAU WA MKOLANI

Dada hongera. Ya kaka yangu haikuwahi. Alitembea na oili isiyo sahihi kwa miezi, X-Trail, na ilipofunguliwa sumaku iliyo ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi) ilikuwa na unga wa chuma mzito kama matope. Pale hakukuwa na la kuosha.

Yangu ni fupi. Ukiweka R, gari inapiga kishindo, doo! Niliambiwa giaboksi. Ilikuwa mauntini (kishikizo) ya injini imekatika raba, injini inaruka yote ikigonga. Fungua boneti, mtu akanyage breki, aweke D kisha R. Ukiona injini inanyanyuka na kulala kama inataka kutoka, anza na mauntini.

MZEE WA SENGEREMA

Marahaba vijana wangu wote. Nina pikapu ya dizeli tangu enzi za kupanga foleni ya kivuko Kigongo, kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025. Safari moja nilijaza mafuta ya dumu huku mwaloni kwa sababu geji ilikuwa chini. Kilomita chache mbele nguvu ikaisha. Nakanyaga, haiendi, moshi mweupe, inakohoa kama mtu mwenye kifua. Fundi akataka kufungua pampu ya dizeli apeleke kupimwa.

Nilimwomba asubiri. Nikatoa mafuta chini ya filta, nikaweka kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, nikaiacha juu ya meza mpaka asubuhi. Kukapambazuka vipande viwili: juu dizeli, chini maji, mstari katikati umenyooka kabisa. Vidole vitatu vya maji kwenye chupa moja! Tukamwaga tanki, tukabadilisha filta, tukatoa hewa kwenye mabomba, ikawaka. Kwa hizi dizeli za kisasa zenye presha kubwa, hayo maji yangekuwa yameshaua noseli. Kila dumu mnalopewa, mimineni kidogo kwenye chupa kwanza.

MDAU WA KISESA

Shikamoo mzee. Mimi sina la kujitetea, naandika ili mwingine apone. Taa nyekundu ya oili ilikuwa inawaka kwenye kona na kuzima. Nikaona haibaki, nikaendelea na safari kutoka Lamadi. Ile taa haipimi kiasi cha oili, inapima presha. Ikikonyeza kwenye kona maana yake oili ni kidogo mno, inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Injini yangu ya 1NZ inabeba lita 3.7, tulipomwaga haikufika lita moja. Kabla ya Magu nikasikia ko-ko-ko kutoka chini, beringi zimeshakwenda. Injini ilinoki kwa kukosa lita tatu za oili.

MDAU WA IGOMA

Asanteni wote, mzee shikamoo. Fundi wa Nyakato, jirani yangu ana Vitz inamisi akisimama kwenye taa, injini inatetemeka, ameshaambiwa anunue koili zote nne. Mashine imesoma P0302. Nimemwonyesha maelezo yako. Tumehamisha koili ya pili kwenda ya nne.

FUNDI WA NYAKATO

Vizuri. Wakati koili iko nje, angalia ncha yake ya raba na umulike tochi kwenye kisima cha plagi. Niambie umeona nini kabla hujaendelea.

MDAU WA IGOMA

Nimemulika. Kisima cha pili kina oili, raba ya koili imelowa mpaka juu. Vingine vitatu vikavu.

FUNDI WA NYAKATO

Basi asinunue koili yoyote leo. Atafute gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) pamoja na sili za visima vya plagi. Anyonye ile oili kwa kitambaa kabla ya kufungua plagi, isije ikadondokea ndani ya silinda. Afute raba ya koili ikauke kabisa, afunge, afute kosa, aendeshe siku mbili. Likirudi P0304, koili imeshaharibiwa na oili, anunue hiyo moja.