Maikrosfia za PLGA: isoniazidi inatoroka karibu yote, nakosea wapi?

dawa_pole_ksm
Hamjambo, niko Kisumu nafanya masters na nimekwama vibaya. Natengeneza maikrosfia (chembe ndogo sana za duara) za PLGA, plastiki inayomeng'enyuka polepole mwilini, za kubeba isoniazidi, ile dawa ya TB, nataka iwe sindano moja kwa mwezi mgonjwa asimeze tembe kila siku miezi sita. Nyanya yangu kule Ahero alizimeza zote na mimi ndiye nilikuwa namhesabia kila asubuhi kwa hivyo hii kazi siwezi kuiacha hivi hivi. Nayeyusha PLGA kwa dikloromethani (kiyeyushi kinachoruka hewani haraka), natia unga wa dawa, namwaga kwa maji yenye PVA asilimia 1 (inayozuia matone kushikana), nakoroga na sumaku masaa manne. Zinatoka duara safi kabisa, maikroni 40 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), lakini nikipima dawa ndani haipo, na hiyo kidogo imebaki zaidi ya nusu inatoka siku ya kwanza.

mkoroga_nakuru
Pole sana. Isoniazidi inapenda maji, zaidi ya gramu 10 zinayeyuka kwa mililita 100, na wewe umeizungushia maji masaa manne, lazima ikimbie. Fanya emalshani mara mbili, yaani matone ya maji ndani ya matone ya PLGA ndani ya maji: yeyusha dawa kwa maji kidogo, kama mililita 1 kwa 10 za dikloromethani yenye PLGA, piga na sonikesheni (mawimbi ya sauti) chombo kikiwa kwa barafu, halafu mwaga haraka kwa maji ya PVA. Hayo maji ya nje tia chumvi, inazuia maji kuvutwa ndani na kutoboa njia za dawa kutokea. Myeyusho wa PLGA nao uwe mzito zaidi. Na stima isipotee katikati, sumaku ikisimama kabla hazijakauka zinashikana zote (nishapoteza bechi nzima hivyo, iliniuma).

famasia_kakamega
Hayo ni kweli lakini ndugu yangu piga hesabu kwanza. Mtu mzima anameza miligramu 300 kwa siku. Siku 30 ni gramu 9. Ukifaulu dawa iwe asilimia 10 ya maikrosfia, unatakiwa kudunga mtu gramu 90, hiyo haiwezekani. Lupron Depot ya Marekani, 1989, sindano ya mwezi ya saratani ya tezi dume yenye maikrosfia kama zako, iliwezekana sababu dozi ya mwezi mzima ni miligramu 7.5 tu. Mimi ningekushauri uache sindano ufikirie ya kuvuta kwa mapafu, chembe za maikroni 1 hadi 5 zinamezwa na zile seli za kinga ndani ya pafu ambamo bakteria wa TB wamejificha, kwa hivyo hauhitaji kujaza mwili mzima dawa.

dawa_pole_ksm
Aki hiyo gramu 9 sijawahi kuipiga na hakuna aliyeniuliza. Kesho naipeleka kwa supavaiza. Sasa kutoka 40 nishuke mpaka 3 nibadilishe nini?

mkoroga_nakuru
Acha sumaku, tumia homojenaiza (mashine ya kukoroga kwa kasi kubwa), na PVA ipande kidogo. Ila zikiwa ndogo dawa inatoroka haraka zaidi, kwa hivyo hiyo chumvi usiisahau.