Waigizaji wawili wazuri, ila mapenzi hayaonekani kwenye skrini

Mwongozaji_Ujiji: Wakuu, tunarekodi tamthilia hapa Kigoma. Wapenzi wetu wawili wanaigiza vizuri kila mmoja peke yake, wakikutana mwaloni Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, panapoa kabisa. Tubadili mmoja?

Jukwaani: Usibadili bado. Kwa kawaida kinachokosekana ni kusikilizana: kila mmoja anangoja zamu yake ya kusema. Wakalishe wakitazamana. Kabla ya kujibu, kila mtu arudie maneno ya mwisho ya mwenzake, ndipo atoe mstari wake. Kisha wapitie onyesho zima bila kusema neno. Baada ya hapo mpe kila mmoja haja inayogongana na ya mwenzake. Huyu anataka kuomba radhi, yule boti inamwacha. Mvuto unatoka kwenye kizuizi. Ukiwaambia "pendaneni zaidi" watazidisha tabasamu tu, na mtazamaji anaona uongo.

Fundi kamera: Angalia na kamera. Ikikaa pembeni sana, macho hayasomeki. Unapomrekodi mmoja, isogeze karibu na bega la mwenzake, lenzi ya milimita 50 au 85. Aliye nje ya fremu asiondoke, aendelee kuigiza. Jua la jioni linazama upande wa Kongo, likiwa mgongoni mwao nyuso zitakuwa nyeusi, hivyo weka ubao mweupe mbele urudishe mwanga usoni. Picha za karibu zianze mapema, picha pana ingoje jua liguse maji.

Mhariri: Usikate haraka. Mwache anayesikiliza aonekane.

Jukwaani: Na mguso wowote wakubaliane kabla. Mwenye wasiwasi hukakamaa mabega.