Naomba ushauri: nimsomee binti yangu Little House on the Prairie?

Habari zenu wapendwa. Tunaishi Marekani, na binti yangu wa miaka 9 anataka tusome pamoja kitabu hiki cha Laura Ingalls Wilder cha 1935. Nilikipenda sana utotoni, hasa pale familia nzima inapolala hoi kwa malaria na jirani anasema chanzo ni matikiti maji (mbu wamejaa kibao, hakuna anayewashuku!).

Kukirudia ukubwani kumenipa kazi. Familia hiyo ni walowezi waliojenga nyumba jimbo la Kansas kwenye ardhi ya Waosage, wenyeji wa asili wa Marekani, na jirani huyohuyo anasema Mhindi (yaani mwenyeji huyo wa asili, si mtu wa India) mwema ni aliyekufa. Toleo la kwanza lilidai huko hakukuwa na watu, ila Wahindi tu; sentensi ikarekebishwa 1953. Mwaka 2018 tuzo ya vitabu vya watoto yenye jina la Wilder nayo ilibadilishwa jina. Sisi wenye babu waliopokonywa mashamba na walowezi, maneno hayo yanachoma.

Kumficha sitaki. Nianze na The Birchbark House ya Louise Erdrich, ya binti wa Kiojibwe (nao ni wenyeji wa asili) mwaka 1847, au tusome hiki tukisimama kila penye utata? Mliosoma na watoto, mlifanyaje?