Fundi wa Mwanjelwa kapangusa filta ya oili kwa kitambaa, kairudisha!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule fundi wa dizeli pale Mwanjelwa, Mbeya, simtaji, mnamjua, mwenye ovaroli iliyokakamaa oili mpaka ukiivua inasimama yenyewe. Leo nimempelekea Canter. Oili 15W-40 nimenunua mwenyewe, filta mpya nimenunua mwenyewe. Nasogea pembeni kupokea simu, narudi namkuta anaipangusa filta ya zamani. ANAIPANGUSA! Kwa kitambaa! Halafu anaifunga!

Ile mpya je? "Mjomba, hii bado nzima, mpya weka akiba." Watu wakacheka.

Bado nzima? Masizi yako ndani, kwenye karatasi, wewe unapangusa bati! Dizeli ikiungua, masizi yanapenya kwenye ringi za pistoni yanashuka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili ina dawa ya kuyazuia yasishikane. Dawa ikichoka yanagandana, oili inakuwa nzito, filta inaziba, vali yake ya kupitishia oili pembeni inafunguka, injini inanyweshwa oili isiyochujwa. Hapo kemu na roka, zile zinazofungua vali za injini, zinasagika, na beringi zinafuata. Sasa nipande Mlima Nyoka na viazi juu ya filta iliyopanguswa! Kwa kitambaa, wakuu!

Mnyalu wa Ifunda: Pole. Ila fundi haachwi na gari peke yake, hata ukipigiwa na mkwe.

Kijana Uyole: Huyo huyo!! Mimi kaniambia oili imekuwa nyeusi kabla sijafika Igawa, eti feki, nimwage. Nikamwaga! Kumbe oili ya dizeli huwa nyeusi mapema, ndiyo kazi yake kubeba masizi. Hela yangu kaila.

Mzee wa Scania: Mnahangaika na 15W-40 za nini? Weka SAE 40, basi.

Binti Makete: Mzee, njoo huku alfajiri ya Juni uwashe na hiyo SAE 40, kwenye baridi ni nzito kuliko 15W-40. Mpaka ipande juu, roka zimeshalia vya kutosha.

Mleta uzi: Jamani mada ni filta. ALIIPANGUSA.

Nozeli Kwanza: Mkuu, gari inatoa moshi mweusi? Kapime nozeli zinazopulizia dizeli na usafishe eakilina, chujio la hewa. Masizi mengi yanaanzia huko, utabadili filta mpaka uzeeke.

Mkulima Isyonje: Ngoja, Canter ya viazi? Nyie ndio mnatujazia lumbesa! Gunia linavishwa kilemba, linashonwa kwa kamba, mnalipa gunia moja!

Kijana Uyole: Hapo kwenye lumbesa umegusa donda.

Mleta uzi: Mimi nabeba tu, sinunui! Turudi kwenye filta.

Binti Makete: Wabebaji wote husema hivyo. Kwetu mwaka huu kilemba kimekuwa kirefu kuliko gunia.

Mkulima Isyonje: Na mbolea bei ile ile! Dada, huko kwenu wanalipaje?