Tupeane uzoefu: kauvimbe kasikouma, damu isiyo na siku... wewe ulishtuka lini?

MamaPacha_Pasua
Habari za jioni wapendwa. Leo asubuhi niko sokoni Mbuyuni napanga nyanya zangu likapita gari la matangazo, "akina mama wa miaka 30 mpaka 50 jitokezeni kupima saratani ya mlango wa kizazi na matiti, ni bure, Ijumaa na Jumamosi". Wenzangu wakaanza kucheka, ooh nani akavue nguo bure bure. Mimi nguvu ziliniisha nikakaa juu ya kreti. Dada yangu wa tumbo moja tulimzika 2019. Alikuwa anatokwa damu kila akikutana na mumewe, akaona aibu kusema, akasingizia kijiti cha uzazi wa mpango. Kijiti kikatolewa damu ikaendelea, akasema mwili haujazoea. Mwisho ukaanza kumtoka uchafu wenye harufu mpaka akawa hapandi daladala, anatembea kwa mguu Pasua mpaka mjini. Tunafika hospitali tunaambiwa ugonjwa umeshabana njia ya mkojo, figo zimejaa. Miezi 7 tu.
Nina miaka 38, sijawahi kupima. Waliopitia au waliouguza semeni ukweli, kipimo kinauma?

Ngarenaro_wa_Kwanza
Pole sana mamy. Hakiumi, ni ule ubaridi wa chuma tu. Nenda.

Kijukuu_cha_Kibosho
Kinauma kidogo ukijikaza. Usijikaze.

Nesi_Mstaafu
Naomba niseme maana kila mwaka naona watu wanatishana. Unalala kama wa kujifungua, nesi anafungua njia na kile chuma, anapaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja anaangalia. Pakigeuka weupe kuna chembe zimeanza kubadilika. WEUPE SIO KANSA, nimeandika kwa herufi kubwa maana kuna mama alishawahi kunikimbia kitandani na khanga imeanguka. Weupe mdogo unachomwa siku hiyohiyo unarudi nyumbani kupika. Kinachosababisha ni kirusi cha HPV, aina ya 16 na 18 peke yake ndo zinabeba karibu asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, na kwa kawaida kinachukua miaka 15 hadi 20 mpaka kuwa saratani. Mwenye VVU ni haraka zaidi, 5 hadi 10, ndo maana hao hatusubiri wafike 30. Miaka yote hiyo mtu yupo tu hasikii kitu.

Mangi_Soweto
Wanaume je hatupimwi hicho kirusi? Naulizia rafiki yangu.

Ngarenaro_wa_Kwanza
Mwambie "rafiki yako" amruhusu mkewe akapime, inatosha.

MkeWaMtu_Rombo
Nilikuwa nasoma tu kimya ila hilo neno "hasikii kitu" limenigusa ngoja niseme yangu, samahani ni ndefu.

Nilikuwa na miaka 34 nanyonyesha mtoto wa pili, naoga nikashika kitu kama harage karibu na kwapa la kushoto. Hakaumi. Kangeniuma ningekimbia. Nikamwambia mama mkwe akasema ni maziwa yameganda, akanikanda na maji ya moto, akanibandika jani la kabichi, siku mbili nanuka mboga. Nikaenda dispensari moja nikapewa dawa za jipu. Nikamaliza dozi, nikarudi, nikapewa dozi nyingine ileile. Kukaa kidogo ngozi ya titi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa na chuchu ikaingia ndani, mtoto hawezi kuishika. Hapo imeshapita miezi 8.

Nikaenda hospitali kubwa ya huko kwetu, wakakata kinyama, wakakitia kwenye chupa yenye dawa, wakasema sisi hatuna mtu wa kusoma hiki, ndugu apeleke maabara Moshi. Mume wangu alikuwa safarini. Akajitolea shemeji, mdogo wake. Nikampa nauli, fomu, na chupa ndani ya mfuko wa rambo mweusi. Jioni karudi amechangamka, namuuliza umefikisha? Anasema tayari, majibu wiki mbili.

Wiki mbili zikapita. Tatu. Nne. Mume wangu karudi akaenda mwenyewe Moshi, daftari likapekuliwa, jina langu halipo. Alivyofika nyumbani alimkunja mdogo wake shati hapo uani mbele ya watu, ndo akasema. Alishuka Marangu Mtoni "mara moja tu", akaingia kilabuni kunywa mbege, akasahau mfuko chini ya benchi, akaogopa kusema. MWEZI MZIMA ananiangalia usoni anakula ugali wangu.

Tukachukua boda saa hiyohiyo mimi na mume wangu, mvua inanyesha, nalia nyuma kwenye pikipiki. Kufika pale yule mama muuzaji anasema chupa? Ile yenye kitu kinaelea? Kumbe ameiweka juu ya kabati la vyombo alijua ni dawa ya ng'ombe mtu amesahau! Karatasi yenye jina langu imefifia ila inasomeka. Nilimkumbatia yule mama mpaka akashangaa.

Watu wa maabara wakasema bahati yako imelowekwa kwenye fomalini, ingekuwa ni maji tu ingeshaoza. Majibu yakatoka, saratani, ile inayolishwa na homoni. Nikaanza kemo, yaani dawa za kuua saratani, ile nyekundu inayokufanya ukojoe kama juisi ya rozela, nywele zote chini, kucha nyeusi. Halafu wakatoa titi. Halafu mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, nililala kwa binamu yangu Mbagala, kila asubuhi foleni. Sasa hivi natumia tamoxifen, kidonge cha kuzuia hiyo homoni, kila siku, huu mwaka wa 4.
Shemeji simsalimii.

Kijukuu_cha_Kibosho
Mungu wangu CHUPA. Juu ya kabati la vyombo!!

Sakina_Girl
Nimesimamisha kupika. Huyo shemeji bado yupo hai?

Mangi_Soweto
Lakini tuseme ukweli, kwanini umpe mlevi kitu cha maana hivyo? Ungepeleka mwenyewe.

MkeWaMtu_Rombo
Nilikuwa na mshono mbichi kifuani na mtoto mgongoni kaka. Kapeleke wewe.

Sakina_Girl
Mangi kaa kimya, wewe ndo shemeji nini?

Mangi_Soweto
Sijakosea. Na mbege ukiingia Marangu Mtoni hutoki, hilo tusimlaumu mtu.

DawaAsili_Tengeru
Poleni wote. Mngejua majani ya mstafeli msingekatwa titi. Nina wateja wamepona. Chemsha asubuhi na jioni siku 40, anayehitaji aje inbox.

Ngarenaro_wa_Kwanza
Wewe ndo nilikuwa nakusubiri. Mama yangu mdogo alikunywa hayo majani miezi 4, uvimbe ulikuwa kama limao, akaenda hospitali ukiwa kama embe na umeshapasuka. Huo mstafeli haukumuua, zile siku ndo zilimuua.

DawaAsili_Tengeru
Kila mtu na imani yake. Hospitali wanakula hela zenu na mnazika vilevile.

Nesi_Mstaafu
Mteja wako alipimwa kinyama kabla na baada? Nijibu hilo tu.

DawaAsili_Tengeru
Inbox.

Sakina_Girl
Hahaha kakimbilia inbox.

Mama_Wawili_Himo
Jamani mimi nasikia sababu ni kuweka simu na hela kwenye sidiria, ni kweli?

MamaPacha_Pasua
Ingekuwa kweli Mbuyuni nzima tungekuwa wodini.

Baba_Jesca
Mimi nina swali. Shule wameleta taarifa binti yangu wa miaka 10 achanjwe hiyo ya HPV, mama yake anakataa anasema wanataka kuwafanya watoto wetu tasa. Mlio na uzoefu?

Totoz_wa_Moshi
Mzee mimi nilichanjwa nikiwa msingi, 2014, mkoa wetu wa Kilimanjaro ndo ulianza kwa majaribio kabla nchi nzima haijaanza 2018. Na maneno yalikuwa hayahaya, bibi alitaka kunificha kwa shangazi. Sasa nina mtoto wa kiume wa mwaka mmoja analia hapa kitandani, kama mimi tasa huyu ni wa nani? Tena sisi tulichoma zaidi ya mara moja, tangu 2024 ni sindano 1 tu kwa wa miaka 9 hadi 14. Mpeleke.

Baba_Jesca
Asante binti. Nitamsomea mama yake hii.

Wa_Njiro
Bibi yangu ana 62, damu ilirudi baada ya miaka 10 hivi ya kukoma. Wifi zake wakacheka amerudi usichana, wakamtania aolewe tena. Mjomba mmoja tu mkali ndo akasema hapana, twende. Ilikuwa kwenye kizazi chenyewe, bado haijatoka nje, wakatoa kizazi na mpaka leo anapalilia kahawa. Kwa hiyo bibi akiona damu msicheke.

Kijukuu_cha_Kibosho
Kwetu haikuwa bahati hiyo. Mama alikuwa anajaa tumbo, anashiba na vijiko viwili, anakojoa kila saa. Tukatibu vidonda vya tumbo, tukatibu gesi, tukatibu minyoo, sketi hazifungi anasema ananenepa. Ultrasaundi ndo ikaonyesha maji na uvimbe kwenye mfuko wa mayai. Na hicho kipimo cha siki hakikionyeshi hicho, msije mkapima mkadhani mmemaliza yote.

Mama_Wawili_Himo
Kweli kabisa.

Wa_Njiro
Na gharama mlimudu vipi? Jirani yangu ameambiwa kemo, hana bima, anataka kuuza kiwanja.

MkeWaMtu_Rombo
Asiuze kwanza. Aende ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali aeleze hali yake, mimi nilipunguziwa. Kikoba kilichangia nauli. Na kama yupo huku asikimbilie Dar kwa kemo, hospitali ya KCMC hapa Moshi wana kitengo cha saratani, zamani ndo ilikuwa lazima upande basi.

Mangi_Soweto
Auze kiwanja, afya kwanza, mimi ninunue.

Sakina_Girl
Huyu mtu jamani.

MamaPacha_Pasua
Wapendwa nimerudi. Ni Jumamosi usiku, nimeenda leo. Foleni toka saa 1 asubuhi, na wale waliocheka sokoni watatu nimewakuta wako mbele yangu wamejifunika khanga. Matiti wakasema safi, nesi akanionyesha na jinsi ya kujishika mwenyewe kila mwezi damu ikishakata. Huku chini wakaona weupe. Miguu ilitetemeka, nikamkumbuka Nesi Mstaafu na herufi zake kubwa, nikabaki kitandani. Wamechoma na kile kidude cha joto, haikufika hata dakika mbili, ni kama tumbo la siku zako. Nimeambiwa nitatokwa maji maji, nisikutane na mwanaume wiki 4, na nirudi baada ya mwaka. Baba pacha amenuna.

Ngarenaro_wa_Kwanza
Mwache anune. Hongera mamy.

Nesi_Mstaafu
Maji yakiwa na harufu mbaya au ukipata homa, usisubiri huo mwaka, rudi.

Mangi_Soweto
Samahani turudi kidogo kwenye ile chupa. Kwani shemeji alilipa ile mbege?

MkeWaMtu_Rombo
Alikuwa anadaiwa. Mume wangu ndo alilipa.