Naomba ushauri: rangi inapasuka kwenye mikunjo ya kitambaa

Wakuu, habari za jioni. Nawaomba hasa wachoraji na mafundi rangi.

Niko Tanga. Huu ni mwaka wa pili nafanya kazi zisizo na fremu: natandaza kitambaa cha marekani mita nne sakafuni, nakipaka rangi, kisha nakikunja na kukining'iniza ukutani, kiwe mchoro na sanamu kwa pamoja. Nilivutwa na Sam Gilliam, Mmarekani aliyetoa turubai la kuchorea kwenye fremu mwishoni mwa miaka ya 1960, na El Anatsui wa Ghana, anayeunga vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba hadi bati linalegea kama kitenge. Huyo namheshimu mno.

Sasa kazi yangu kubwa imeharibika. Kwenye kila mkunjo rangi imekatika kama magamba ya samaki, ukigusa inabaki kidoleni. Nilitumia rangi ya mafuta ya kupakia milango, kwa sababu ya bei. Waya wa kufungia nondo niliopitisha kwenye pindo nao umeshika kutu kwa hewa ya bahari, umeacha michirizi ya rangi ya chai. Imeniuma, maana mteja ameshalipa nusu.

Je, nikihamia akriliki, ile rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, mikunjo itavumilia? Waya wa shaba naupata kwenye mota zilizoungua, ila huota kijani. Kuna aliyeupaka vanishi ukadumu? Na hii iliyopasuka, niikwangue au nianze upya? Nakabidhi mwisho wa mwezi.